Mtoki Ulionifanya Nigawe Kibanja Changu Nikiwa Hai

Niliwahi kukaa kwenye msiba wangu mwenyewe. Nikaletewa na uji.

Sitanii, ndugu zangu. Ilikuwa Bugomora, mwaka 1989. Mimi Yustus nilikuwa bado kijana, nina mke, mtoto mmoja, na kibanja cha migomba na kahawa nilichoachiwa na marehemu baba.

Waliokuwa Kagera miaka ile wanajua. Kulikuwa na ugonjwa tuliouita Juliana, jina la mashati fulani ya magendo yaliyotoka Uganda. Ukianza kukonda, watu hawakuulizi unaumwa nini. Wanakuuliza mipaka ya shamba lako iko wapi.

Na mimi nilishapita Nkwenda kwenda ng'ambo, Uganda, kwa biashara zangu. Kijiji kizima kilijua.

Basi asubuhi moja naoga, napapasa kinenani, nakuta mtoki. Mkubwa kama yai la kuku.

Sikuhitaji daktari. Nilijipima mwenyewe, nikajipa majibu mwenyewe, nikajihurumia mwenyewe.

Homa ikafuata. Nikaacha kula. Nikakonda kwa sababu nilikuwa sili, na nilikuwa sili kwa sababu nilikuwa nakufa.

Mke wangu Anatolia ndiye aliyeniuguza. Analima, anachota maji, anapika, halafu anachemsha mengine ya kunikanda.

"Baba Fidele, twende zahanati," akaniambia.

"Nikafanye nini? Nikatangazwe?"

"Wakakuangalie."

"Wameshaniangalia wote humu kijijini. Inatosha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaita wazee nitoe wosia.

Shangazi yangu Costansia akafika wa kwanza, na mkeka wake kabisa, ule wa kulalia msibani.

"Shangazi, bado sijafa."

"Najua, mwanangu. Nimewahi tu nafasi nzuri karibu na ukuta."

Mbele ya wazee nikasema kibanja kisimamiwe na mdogo wangu Apolinary mpaka Fidele akue. Baiskeli nayo achukue yeye. Wahenga walisema kufa kufaana. Apolinary alifuta machozi, akashukuru, akaondoka na baiskeli palepale eti akaijaze upepo. Haikurudi.

Sasa hapo ndipo anapoingia Profesa.

Profesa Leonidas Kashaija alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Kiruruma aliyekwenda kusoma Ulaya, ikaonekana kusoma hakuishi. Alikuja likizo kumsalimia dada yake Placidia, aliyeolewa jirani na kwetu. Placidia alitueleza kazi ya kaka yake kwa majivuno yote.

"Anasomea chembe nyeupe za damu. Zinavyotembea."

"Zinatembea kwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Ndicho anachosomea."

"Miaka yote hiyo?" Shangazi akashangaa. "Kuku wangu nao wanatembea, na najua wanakokwenda."

Placidia akamleta aje kuniaga. Alinikuta nimekaa uani juani, nimevaa soksi. Mgonjwa akivaa soksi anaonekana anatunzwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

Watu wakatazama chini.

"Ule," Shangazi akasema.

"Upi?"

"Ule ule."

Profesa akaniingiza ndani. Anatolia akafuata na birika la maji ya moto. Nikalala, Profesa akaushika mtoki, akaubonyeza.

Nilipiga yowe. Huko nje Shangazi akadhani ndiyo basi tena, akaangua kilio, na akina mama wakampokea. Ikabidi Anatolia atoke mbio akawanyamazishe.

"Vizuri sana," Profesa akasema.

Nikamtazama. Mtu analia, yeye anasema vizuri sana. Nikawaza kweli elimu ikizidi ni matatizo.

"Vua soksi," akaniambia.

Hakuna aliyekuwa ameangalia miguu yangu. Watu walinitazama uso, shingo na mbavu, wakatosheka. Kwenye kisigino cha kulia palikuwa na doa jeusi, limevimba, linang'aa. Nikakumbuka nilikanyaga mwiba shambani, nikauvuta, nikaona nusu yake. Nusu nyingine sikuitafuta.

Anatolia alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni.

"Mwaka wa vita na Uganda," Profesa akaniuliza, "ulijuaje kwamba mpakani kumechafuka?"

"Barabara ilijaa askari."

"Basi damu yako nayo ina askari, ndizo hizo chembe nyeupe. Mwiba umevamia kisigino, wao wametoka kwenye mishipa, wamepenya katikati ya nyama, wameufuata. Ndiyo uvimbe, ndiyo joto, ndiyo maumivu. Na huu mtoki ni kambi yao. Ukiona panauma hivi, ujue jeshi liko kazini."

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa huu mwiba hufi, ukienda zahanati leo. Hiyo Juliana yako nayo tutapima damu, tuache kubashiri." Akaosha mikono. "Mimi nasomea hiyo safari tu. Askari wanaijuaje njia, na nani anawapoteza."

"Nani anawapoteza?" Aliyeuliza ni Anatolia.

"Saratani, mama. Inaota mwilini, askari ama hawaioni, ama wanafika wanazubaishwa, wanakaa pembeni kama wageni wa harusi. Hakuna vita, basi hakuna maumivu. Unakuta uvimbe mgumu, umeganda mahali pamoja, mtu anautembeza mwaka mzima. Mimi uvimbe wa namna hiyo ndio unaonitisha. Si huu wenye kelele."

Anatolia akaliweka birika chini.

"Sasa usiouma, Profesa, mtu angoje uume ndipo aje?"

"Hapana. Akingoja hivyo amechelewa. Si kila usiouma ni mbaya, lakini lazima uonwe."

"Kuna jirani yangu," Anatolia akasema. "Nitamwambia."

Nikabebwa zahanati siku hiyohiyo. Kisigino kikapasuliwa, mwiba ukatoka, nikachomwa sindano za penisilini mpaka nikawa nakaa upande. Damu nayo ikaenda kupimwa. Majibu yaliporudi, Juliana sikuwa naye.

Nikaanza kula. Aisee, nilikula! Matoke, maharage, na ule uji wa msiba uliobaki.

Shangazi akakunja mkeka wake amenuna. "Mawe, mama yangu! Maharage yangu yameozea shambani nikikusubiri wewe."

Nikamfuata Apolinary.

"Mdogo wangu, baiskeli."

"Kaka, ulisema mbele ya wazee."

"Nilisema nikifa."

"Hukusema ukipona itakuwaje."

Wazee wakakaa tena. Kibanja kikarudi, baiskeli ikarudi bila kengele. Kijiji kikacheka wiki nzima, nami nikacheka nao. Nikachinja mbuzi, nikatengeneza rubisi ya ndizi, nikaita watu. Profesa naye akaja, kesho yake alikuwa anasafiri.

Watu wakiwa wanakunywa, Anatolia akaja akanigusa bega. "Mwite Profesa jikoni. Na wewe uje."

Tukaingia. Akafunga mlango.

"Yule jirani ni mimi," akasema.

Akaupeleka mkono wa Profesa kwenye titi la kushoto, halafu kwapani. Profesa akapapasa, akabonyeza taratibu.

"Unauma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Safari hii hakusema vizuri sana.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Pasaka."

Pasaka nilikuwa mzima. Mtoki wangu ulikuja baada ya hapo.

"Mama Fidele, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nataka kukuambia, ukaugua wewe." Aliongea kama anayeeleza kwa nini hajapalilia. "Nyumba moja ingekuwaje na wagonjwa wawili? Nani angechota maji? Na wewe ulikuwa unalia, mimi siumwi."

Profesa hakusafiri kesho yake. Alimpeleka mwenyewe hospitali kubwa Mwanza. Wakamkata titi. Lakini lile gonjwa lilishahama, lilishafika kwenye ini. Profesa alinieleza hivyo huku ananishika mkono, yule mtu aliyeijua safari nzima ya chembe kwa majina. Nilimwona anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Anatolia alifariki mwaka 1991, msimu wa kahawa. Nilimlilia mpaka sauti ikakauka, na hata leo ninapoandika haya moyo unaniuma vibaya.

Mimi wa mwiba, niliyeaga kijiji kizima na kugawa mpaka baiskeli, niko hai. Nina wajukuu. Nina kisukari kidogo.

Ninyi mnaosoma, nawaachia hili. Ukiugua ukapata mtu wa kukupikia, kukuogesha na kukukanda, naye muulize habari zake. Na usimuulize anaumwa wapi. Muulize kama kuna kitu kimeota mwilini mwake, umpeleke akaonwe, hata akikuambia ana kazi nyingi.

Kwa sababu mimi nilimuuliza. Siku moja ananikanda, nikamwambia, "Mama Fidele, na wewe huumwi popote?"

Akasema, "Siumwi."

Na alikuwa anasema kweli.