Mwaka Ambao Eveline Alishuka

Eveline alianza riadha kwa kushika mkia. Kidato cha kwanza, pale Mlandege, Iringa, alimaliza mbio wenzake wakiwa wameshavaa masweta, na uwanja mzima ukamcheka. Muhula uliofuata akaanguka kwenye kona. Mara zote mbili aliyemwinua ni Mwalimu Silvester, mwalimu wa michezo.

"Futa machozi, mwanangu. Kesho alfajiri nakusubiri kilimani."

Na kweli alimsubiri. Alfajiri baada ya alfajiri, baridi ikikata masikio, walipanda kilima pamoja, mpaka binti akaacha kutembea ameinamisha kichwa. Hata darasani akaanza kunyoosha mkono. Mwalimu yule alimpa moyo, tusimnyime haki yake. Ndiyo maana alichofanya baadaye kinauma zaidi.

Kidato cha pili Eveline alichaguliwa kwenda Mbeya, mashindano ya shule za kanda. Baba yake, Mzee Didas, seremala, alimnunulia raba mpya na kuwatangazia majirani wote. Asubuhi ya mbio, mwalimu akaja na dada mmoja mgeni, Tusajigwe, mkimbiaji wa klabu aliyekwisha kumaliza shule zamani. Mamluki, kwa lugha ya viwanjani.

"Mpe jezi yako," mwalimu alisema bila kumtazama. "Atakimbia kwa jina lako. Mkuu anataka kombe."

"Mwalimu, si ulisema niko tayari?"

"Mwakani utakuwa tayari. Na ufunge mdomo, tutafungiwa shule nzima."

Eveline akavua jezi. Alikaa jukwaani amejitanda kitenge mpaka usoni, akasikia kipaza sauti kikitangaza jina lake: wa kwanza! Watu wakashangilia. Raba mpya zikarudi Iringa bila vumbi.

Nyumbani alikuta jogoo wa Krismasi ameshachinjwa. Jumapili mchungaji akamsimamisha kanisani, washarika wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa, na wote wakasifu unyenyekevu wake. Angesema nini? Baba yake alikuwa analia kwa furaha.

Mwaka huu mashindano yalifanyika Iringa, na Eveline alikimbia mwenyewe. Raba zilikuwa zimeshaanza kumbana, hakujali. Kwenye kona hakutetereka. Mwisho alimpita msichana wa Rujewa, akashika nafasi ya pili kanda nzima, yeye wa mkiani! Alivuka mstari akicheka peke yake, akamkimbilia baba yake aliyekuja kumtazama.

Mzee Didas alimpokea kwa uso mzito.

"Umeshuka, mwanangu. Sifa zimekulevya."

Mwalimu Silvester alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia kila neno. Akainama, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

Eveline alimngoja amalize. Alipoona hainuki, akamgeukia baba yake.

"Nisamehe, baba," alisema. "Mwakani nitajitahidi."