Kipande cha Aibu

Hapa Madrid, sahani ikiwekwa katikati ya meza, kipande cha mwisho hakiguswi. Kila mtu humsukumia mwenzake. Tunakiita kipande cha aibu.

Don Obdulio, fundi lifti mstaafu, alikuwa akija mgahawani kwetu kila Alhamisi mchana na mkewe, Reme. Walibishana juu ya kipande hicho, "Chukua wewe!" "Aa, wewe!", mpaka mimi, mhudumu wao, nikawachoka. Mwishowe Reme alikitia mdomoni huku akimwita mumewe punda.

Reme alifariki wakati wa baridi. Mzee bado anakuja, meza ileile, katikati ya matajiri wanaopiga picha chakula badala ya kukila. Jana aliagiza kroketi sita, vitonge vya kukaanga vyenye nyama ya nguruwe. Alikula tano, akabaki kuitazama ya sita nusu saa nzima.

"Mzee, malizia basi, imeshapoa."

"Si yangu hiyo."

"Ya nani sasa? Meza nzima uko peke yako!"

Nilijuta hata kabla sijafunga mdomo. Akaisogeza sahani taratibu mpaka upande wa pili, mbele ya kiti kitupu.

"Chukua wewe," akasema.

Hakuwa akiniambia mimi.