Gunia la Mutua

Kuna asubuhi moja ya Jumanne ambayo sijaisahau, mwanangu, na kabla sijakukabidhi ufunguo wa stoo hii ya mafagio nataka uisikie. Najua una haraka. Kila anayeanza kazi hapa sokoni Machakos huwa na haraka wiki ya kwanza, halafu mgongo unamfundisha. Kalia hiyo ndoo.

Nilikuwa msimamizi wa wafagiaji, mtu mwenye wajukuu tayari, lakini kichwani nilikuwa bado kijana mwenye kiherehere. Nilipenda soko ling'ae, nami nipite katikati mikono nyuma kama mkaguzi. Nyuma ya kinu cha kusaga mahindi walikuwa wakilala watu wanne au watano. Niliwaita chokoraa kama walivyoitwa na kila mtu. Nilijua jina la mmoja tu, Mutua, kwa sababu alinisalimia kila siku hata nisipoitikia.

Jumanne hiyo tuliambiwa kuna wageni wakubwa, soko liwe safi. Niliagizwa nifagie. Hakuna aliyeniagiza nichome. Nilikusanya magunia na maboksi yote ya pale kinuni, nikayatupa kwenye shimo letu la taka, nikawasha kiberiti. Wenyewe hawakuwapo. Nikaona nimefanya kazi ya maana, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilimkuta Mutua shimoni, anapekua majivu kwa fimbo.

"Unatafuta suti yako?" nikamuuliza. Wenzangu wakacheka.

Aliinua kitu cheupe kilichoyeyuka na kujikunja. Ni kifuniko tu kilichoonyesha kwamba kilikuwa kichupa cha dawa.

"Hii ilikuwa dawa yangu ya ini," akasema. "Nilikuwa nimebakisha mwezi moja."

Mimi, mwanangu, nilimwambia dawa ya ini ni kuacha pombe. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Alikiweka kile kichupa chini polepole, akaondoka bila kuniaga. Haikuwa kawaida yake.

Aliyenipasha ni Mwaitu Syombua, aliyekuwa akiuza chai na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, karibu na lango. Sote tulimwita mwaitu, mama, maana umri wake ulitupita mbali. Hakunikaribisha kiti.

"Kioko, huyo mtu amemezea dawa hapa kwangu kila asubuhi, miezi mbili. Anakuja na tembe moja kwa karatasi, anaomba maji, anameza nikimuona. Hata leo alikuwa hapa, wewe ukichoma. Hajaruka siku hata moja. Wewe umeruka ibada ngapi?"

Nikasema sikujua. Nikasema nilidhani ni takataka.

"Uliza basi! Hukufagia takataka. Umefagia mtu."

Nilikasirika, nikataka kumjibu. Ndipo akanieleza. Wauguzi walikuwa wamekuja na hema lao hapo nje, wakawapima watu wanaolala sokoni kwa kuwatoboa kidole. Kipimo hicho cha kwanza kilionyesha kwamba damu ya Mutua ilishakutana na homa ya ini aina ya C. Hicho peke yake hakitoshi kusema mtu ni mgonjwa, kwa hiyo wakachukua damu nyingine kuona kama virusi bado vimo. Vilikuwamo. Lakini majibu yalipotoka, yakakaa. Mutua hakuwa na simu wala mlango wa kubisha, wakamtafuta wiki nyingi, mpaka Mwaitu alipopewa ujumbe akamfikishia. Dawa ilikuwa tembe moja kwa siku, wiki kumi na mbili. Bila dawa, ini lake lingeendelea kuharibika kimyakimya miaka na miaka, hana hata maumivu, mpaka siku tumbo lijae maji.

Aliipata wapi? Zamani alijidunga sindano huko Mombasa, na hapa kinuni walikuwa wakinyoana kwa wembe mmoja. Ni ipi kati ya hizo, hata daktari hakujua, nami haikuwa kazi yangu kuuliza.

Jumatano Mutua hakuja kwa Mwaitu. Alhamisi hakuja. Ijumaa nilipiga moyo konde, nikaenda kumtafuta, nikamkuta Kyumbi pale njia panda, ameketi nyuma ya akina mama wauza matunda.

"Twende kliniki wakupe nyingine," nikamwambia.

"Siendi. Walinipea chupa yote juu ya kuniamini. Nikienda mikono mitupu watasema nimeuza."

"Nitawaambia mimi ndiye nilichoma."

"Utasema hivyo kwa hao? Na kazi yako je, mzee?"

Alikuwa amegusa penyewe. Mwanangu, sitakudanganya kwamba nilikawia kwa sababu sikujua pa kumtafuta. Siku zile tatu niliogopa wakubwa wangu wakisikia nitafutwa kazi. Yeye alikuwa anakosa dawa, mimi nafikiria kibarua changu. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Tukaenda. Muuguzi alinisikiliza, nikasema yote, mpaka ule mzaha wa suti. Akauliza ni siku ngapi zimepita bila dawa. Akaingia ndani kumpigia daktari simu, akarudi, akamwambia Mutua ameze tembe palepale na aendelee. Lakini kama siku zilizokosekana zimemharibia, alisema, itajulikana tu kwa kupima damu wiki kumi na mbili baada ya kumaliza dawa. Kabla ya hapo hakuna anayeweza kujua.

"Na hii nyingine itakaa kwa nani?" akauliza.

"Kwangu," nikasema. "Niko na stoo, na iko na kufuli."

Muuguzi akanigeukia. "Na wewe mzee, hizo wembe na sindano za sokoni unaokotanga na mikono hivyo? Umewahi kupimwa?"

Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimechomwa na sindano mara mbili nikazoa taka kama kawaida. Akanitoboa kidole, nikaambiwa ningoje kwenye benchi. Nilipokuwa nimeketi pale na Mutua sikujiona tofauti naye hata kidogo. Yangu ilitoka safi, nikamshukuru Mungu, na tangu hapo glavu sivui.

Basi kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilifungua stoo, naye alikuwa ameshafika. Alimaliza dawa. Kisha ukaja ule muda wa kungoja, na huo ndio ulionikondesha. Mutua alingoja akifanya vibarua vyake. Mimi nilikuwa nikijua kwamba virusi vikirudi, kiberiti ni changu.

Siku ya majibu alikuja na karatasi. "Soma, mzee."

Nikasoma. Virusi havikuonekana.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nikageukia ukuta.

"Lete hiyo fagio nikufagilie leo," akasema Mutua. "Naona wewe unalia tu."

Usiku huo alilala palepale kinuni, mwanangu, usidhani mambo yote yalinyooka. Ini lilipona, nyumba hakupata. Lakini ndiye anayewapeleka wenzake kupimwa hadi leo, na wanamsikia yeye kuliko sisi wote. Anawaambia kila mtu awe na wembe wake, kwa sababu kupona hakuzuii kuambukizwa upya.

Basi nasaha yangu ni hii. Gunia la mtu usiliguse kabla hujauliza mwenyewe yuko wapi. Ukimkosea mtu, mtafute siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa kama mimi. Vaa glavu, na wewe mwenyewe ukapimwe. Kula sahani moja na mgonjwa wa homa hii hakukuambukizi, ni damu kwa damu, kwa hiyo usije ukamkimbia mtu kwa ujinga. Na mtu akikuambia ana dawa, mwamini kwanza.

Sasa tazama juu ya mafagio, lile kopo la bluu. Ndani yake mna dawa za watu wawili. Majina yao usimtajie yeyote, hata mkeo. Mmoja ni mama anayelala karibu na stendi, amebakisha siku tisa. Kesho saa kumi na mbili atakuwa amesimama hapo mlangoni, na mimi nitakuwa nyumbani Mumbuni nimelala, nimestaafu. Usimkawize.

Haya, ufunguo huu hapa. Mungu akulindie mikono yako, akuamshe mapema, na yule mama akukute mlango umeshaufungua.