Egemea Mlima: Safari Yetu ya Kwanza Uluguru

Safari yetu ilianza na simu ya tajiri wa mume wangu, mwenye malori. Baba Zuhura ameendesha malori ya masafa marefu tangu kabla hatujaoana. Tunduma, Lubumbashi, Kigali, kote huko anakujua. Mwaka huu lori alilokuwa akiliendesha liliuzwa, akabaki nyumbani hapa Tabora, akinisaidia kwenye genge langu la mboga. Kusaidia nako kulikuwa kwa namna yake. Nyanya alizipanga kama shehena, mteja akigusa moja anafokewa. Lakini niseme kweli, mimi nami nilikuwa mkali. Nilishazoea nyumba ya peke yangu, na mwanamume anayeshinda sebuleni nilimwona kama mgeni aliyesahau kuaga.

Ndipo tajiri akapiga. Gari jipya limefika, safari ni za Kongo, jibu analitaka Ijumaa ya juma lijalo. Baba Zuhura akaniuliza, "Unaonaje?" Sikujua naonaje. Kama nataka abaki, mbona tunanuniana kila siku? Na kama nataka aende, mbona usingizi umenipotea?

Binti yetu Zuhura, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyetusukuma. Alikuwa ameona kwenye simu yake nyumba inayopokea wageni kule milima ya Uluguru, karibu na msitu wa mvua. Akasema, "Nyinyi hamjawahi kwenda popote pamoja. Nendeni, halafu mumjibu huyo tajiri."

"Msitu wa nini?" baba yake akasema. "Mimi misitu nimeipita mingi."

"Umeipita, baba. Hujaingia."

Kina mama wa mtaa mmeniuliza sana habari za huko, kila mmoja kwa wakati wake, na nikisimulia kwa mdomo naruka mambo. Kwa hiyo nimeyaandika. Nikikosea mahali mtanisamehe. Baba Zuhura ameyasoma, amesema sehemu ya kuanguka nimeirefusha. Mimi sidhani.

Jumamosi alfajiri tulipanda basi la Dodoma. Sikuwa najua kwamba kusafiri na dereva aliyekaa kiti cha abiria ni kazi. Kila kona mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. "Gia amechelewa huyo." "Ona anavyolipita lile." Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka, akamwambia, "Mwanangu, kama usukani unauona kutoka hapo, nenda kauchukue, sisi tulale." Watu wakacheka. Baba Zuhura akageukia dirisha mpaka Manyoni, na mimi nikamwonea huruma kidogo, ingawa nami nilikuwa nimecheka.

Dodoma tuliingia treni ya umeme. Humo hakuna dereva wa kumwona wala gia ya kusikiliza. Alikaa ameshika magoti yake, anatazama mabonde yanavyopita, hajui afanye nini. Nikamenya yai nikampa. Akala. Hatukuongea sana, lakini hatukununiana, na hilo nalo niliona ni hatua.

Jumapili asubuhi, Morogoro. Milima imesimama juu ya mji kama mtu anayechungulia uani kwa jirani, na vilele vyake havionekani kwa mawingu. Sisi wa Tabora tumezoea nchi iliyolala. Mimi nilitazama juu, nikajiuliza moyoni: hivi huku kote napanda mimi, kwa magoti haya haya? Nikatamani Zuhura awepo nimgombeze.

Aliyekuja kutupokea kutoka nyumba ile ya wageni ni Shomari, mwenyeji wa huko, mtu wa makamo, mwembamba, anayetembea kama hana haraka lakini humfikii. Tulikwenda kwa gari dogo hadi Mkuyuni, sokoni, tukanywa chai, kisha pikipiki zikatupandisha mpaka barabara ilipokwisha. Hapo Shomari akatuambia:

"Kuanzia hapa ni miguu. Njia zetu nyembamba, na wanaoshuka wamebeba. Ukikutana na mwenye mzigo, egemea mlima. Upande wa bonde usiuamini. Watu wanalima kwa chini, ukingo unabaki udongo mtupu."

"Kaka," Baba Zuhura akasema, "mimi nimeteremka na tani thelathini mteremko wa Kitonga, mvua inanyesha."

"Kitonga ina lami, mzee."

Tukaanza kupanda. Kulia kwetu mlima, kushoto bonde. Migomba, mikarafuu, mafenesi yananing'inia kwenye shina kama watoto mgongoni, na harufu ya mdalasini inakuja na kuondoka. Baba Zuhura alitangulia. Nilimwita mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili akasema, "Njoo, njoo," bila kugeuka. Nikaona nafuata ule ule mgongo ninaoufuata kwa macho kila siku ya safari zake, lori likitoka na mimi nimesimama getini na kanga. Nikasikia hasira. Halafu nikajiuliza kama ni haki, maana yeye alikuwa anatembea tu. Hakunifanyia kitu.

Mbele kwenye kona akatokea mama mmoja anashuka, mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, mikono yote iko huru, anakuja mbio mbio kama mtu aliyebeba leso. Shomari akasema, "Mlima! Egemea mlima!" Mimi nikabana mgongo kwenye majani. Baba Zuhura je? Mtu aliyeendesha nchi hii miaka yote, akiona chombo kinakuja mbele yake anafanya nini? Anabana kushoto. Nawaambia hakufikiri hata kidogo, mwili wenyewe ulikwenda. Aliweka mguu kushoto, ukingo ukameguka, akatoweka.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Yule mama naye kwa mshtuko akauachia mkungu, ukabingirika ukamfuata. Tulipochungulia, alikuwa amekaa katikati ya shamba la magimbi, majani makubwa yamemfunika mabega, na mkungu umelala pembeni yake kama abiria. Kwangu mimi palikuwa mbali sana kule chini. Yeye anasema ni kimo cha mtu tu. Inawezekana yeye ndiye mkweli.

"Umeumia?" nikamwuliza.

"Sijui. Subiri nijikague."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka kidogo, basi. Shomari akamvuta juu. Yule mama alikuwa ametutangulia kwa umri, tukampa shikamoo, akaitikia, kisha akasimama mikono kiunoni anamtazama mume wangu alivyojaa udongo.

"Watu wa wapi nyinyi mnaokimbilia bondeni?"

"Tabora, mama," nikasema. "Wanyamwezi."

Jamani, yule mama aliruka. "Wanyamwezi! Watani zangu! Shomari, mbona hukuniambia? Ningejiandaa!" Akamgeukia Baba Zuhura. "Babu zako walipita chini hapo na pembe za ndovu kichwani, wanakwenda pwani wanarudi, hawakuanguka. Wewe umekuja mikono mitupu, umeanguka. Wamekutoa wapi, jikoni?"

Nilimtazama mume wangu kwa hofu. Nyumbani mtu akimwambia nusu ya hayo hapakaliki. Lakini utani ni utani, na mtani hakasirikiwi. Akafuta udongo usoni, akasema, "Babu zangu walipita haraka maana hapa hapakuwa na chakula. Nyinyi mlikuwa mnawapikia magimbi bila chumvi."

Mama akacheka mpaka akaegemea mlima. Kisha akatangaza faini. Ndizi zilizopondeka haziendi sokoni, zinarudi nyumbani, na atakayezirudisha ni mpagazi aliyeziangusha. Shomari alipotueleza, tukajua kwamba nyumbani huko ndiko tulikokuwa tunakwenda kulala. Yule ndiye Bi Mwajuma, mwenyeji wetu.

Mkungu ukawekwa begani kwa mume wangu. Shomari alitaka kumpokea kwa sababu ya mguu, akakataa, akasema faini yake ataimaliza mwenyewe. Akataka kutangulia. Bi Mwajuma akamshika shati. "Mpagazi hatangulii. Mama atangulie, wewe umfuate kwa mwendo wake. Na ukipumzika, uombe ruhusa."

Basi nikatangulia mimi. Ilikuwa ajabu, sijui niielezeje. Njia yote iko mbele yangu, na nyuma namsikia anapumua. Baada ya muda akasema, "Mama Zuhura, jiwe hilo linateleza." Nikasema nimeliona. Tukaenda. Akasema tena, "Unajua sijawahi kuuona mgongo wako?"

"Mgongo wangu una nini?"

"Hauna kitu. Kila siku mimi ndiye naondoka. Leo nakuona wewe unaondoka."

"Siondoki, nipo hapa."

"Naona. Naomba ruhusa nipumzike."

Jioni Bi Mwajuma alipika zile ndizi kwa nazi, na magimbi yenye chumvi nyingi kupita kiasi, makusudi, akamwekea Baba Zuhura sahani ya peke yake. Asali ya Tabora tuliyokuja nayo aliichukua yote na kusema ni deni la babu zetu. Mguu wa mpagazi aliukanda kwa maji ya moto.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya msitu wenyewe na maporomoko. Mguu ulikuwa umevimba. Nikasema tusiende, tukae tu. Sijui kama nilisema kwa kumhurumia au kwa kuogopa, nadhani yote mawili. Akasema, "Nenda wewe na Shomari. Mimi nitafika pale msitu unapoanzia, niwasubiri." Bi Mwajuma akamkatia fimbo.

Tulimwacha amekaa kwenye gogo mpakani, mashamba huku, miti kule.

Mkiingia mle ndani, jua linabaki nje. Hakuna mvua lakini maji yanadondoka, maana mawingu yenyewe yanapita katikati ya miti na kila jani linakamua lake. Mashina yamevaa manyoya ya kijani. Kuna mimea kama ile mikangaga ya mtoni, lakini hii mirefu kama minazi. Kwenye mwamba wenye unyevu Shomari alinionyesha maua madogo ya zambarau, akasema haya wazungu wanayafuga madirishani kwao, kumbe asili yake ni hapa. Nikaona kinyonga mwenye pembe tatu, anatembea kama anayefikiria kila hatua, nikasema ndugu yangu huyu.

Kabla ya maporomoko kuna kijito, na daraja lake ni gogo moja lenye utelezi. Nilisimama. Niliwaza genge langu, nikawaza nikivunjika nitabebwaje. Shomari hakunihimiza, alivuka, akageuka, akangoja. Nikageuka nyuma, labda kwa mazoea, kutafuta wa kumuuliza. Hakuna mtu. Nikavuka kwa makalio, sikuvuka kwa miguu, msije mkasikia vingine. Lakini nilivuka. Na maji yale yanaanguka kutoka juu yanavuma mpaka kifua kinatetemeka, nikalowa, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tulichelewa kurudi. Baba Zuhura hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama na fimbo yake, shingo ameirefusha kuelekea njia.

"Mbona mmekaa sana?"

"Hatukukaa, tulikuwa tunatembea. Umechoka?"

"Kutwa nzima kila kijiti kikivunjika nasema ni wewe. Ni kima. Nasema ni wewe. Ni tawi." Akachomeka fimbo ardhini. "Na hakuna mtandao, hata kukupigia siwezi. Hivi wewe nyumbani ndivyo unavyokaa?"

Nilitaka kumjibu jibu kali nililolihifadhi siku nyingi. Mdomoni lilikuwa tayari. Nikaona amelowa ukungu, mguu umevimba, na hakutoka pale. Nikasema, "Nyumbani kuna mtandao, lakini wewe hupokei." Akacheka kidogo. Nami pia nikakubali kwamba yeye naye barabarani hakuwa anastarehe, alikuwa ananiwaza mimi niliyelala nyumbani salama. Hilo nilikuwa silihesabu.

Jumatano tuliaga. Bi Mwajuma alinipa gome la mdalasini, na kumwambia mtani wake, "Ukija tena uje na wapagazi wenye miguu." Akajibiwa, "Na wewe ujifunze kupiga honi." Aliposema hivyo nikamwona mume wangu ameangalia kando, machozi yanamlengalenga. Labda ni moshi.

Stesheni ya Morogoro, tukisubiri treni, mume wangu akatoa simu akampigia tajiri mwenyewe, ingawa Ijumaa haijafika. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu. Nilikuwa nimeshajiambia nitalipokea jibu lolote atakalolitoa.

"Tajiri, shikamoo. Ndiyo, nimefikiria. Kongo hapana... Hapana, siumwi. Kama una gari la Nzega na Igunga, la kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mimi wako. Kama hakuna, nipo gengeni na mke wangu... Ndiyo, gengeni. Nauza nyanya."

Tajiri amesema ataangalia. Mpaka naandika haya bado anaangalia. Sijui kama mtu aliyezoea lami atakaa. Pengine mwakani mtanikuta getini na kanga yangu, sitaapa. Na tumeshagombana tena, juzi, kwa habari ya vitunguu.

Lakini nitawaambia nilichokiona Alhamisi jioni tulipofika. Mnakijua kile kichochoro chetu, ukuta upande huu, mtaro upande ule. Jirani alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani. Baba Zuhura akaweka begi chini, akaegemea ukuta mgongo wote, akampisha. Jirani akashangaa, akamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, pita mama. Alipopita, hakuondoka pale ukutani. Alikuwa ananisubiri mimi nitangulie.