Mdogo wangu aliomba hifadhi Ulaya, wakamuuliza: wa tatu yuko wapi?

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu, kuandika naogopa. Shule niliishia njiani, kwa hiyo Kiswahili changu cha Kongo mtakivumilia. Nitasema niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Kwanza mjue kitu kimoja juu yetu Wanande.

Kwetu mtoto anapata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. (Wanande wenzangu, najua kuna wanaosema Mumbere kwa wa kwanza. Msinirukie.) Donc (kwa hiyo) baba na watoto wake, kila mmoja anaweza kuwa na jina tofauti, na hakuna anayeshangaa.

Mimi ni Kambale. Kaka yangu Paluku yuko Beni, kule Bungulu, anauza vipuri vya pikipiki. Mdogo wetu Kakule alikimbia nchi, akafika Ulaya, akaomba hifadhi.

Kule bureau, ofisi ya wakimbizi, wakamuuliza, mko wavulana wangapi kwenu? Akajibu, watatu.

Alipoitwa tena, afisa akamwambia: Kakule ni jina la wa nne. Wa tatu yuko wapi?

Ndugu yangu akanyamaza. Ombi likakataliwa. Waliandika kwamba familia anayoieleza labda si yake.

Simtukani yule afisa. Alikuwa amesoma mambo yetu, na swali lake lilikuwa swali. Ningekaa kwenye kiti chake pengine ningeona vilevile.

Ukweli ni kwamba Kasereka alikuwepo. Alifariki tulipokuwa bado Kipese, kijijini kwetu, akiwa bado anajifunza kutembea, kabla Kakule hajazaliwa. Hakuna aliyetukataza kumtaja. Tulikua tu tukiona kwamba jina lile likitoka, mama anainuka na kwenda nje. Basi tukawa tunasema watatu, hadi tukazoea. Kama ni desturi ya Wanande wote au ya nyumba yetu peke yake, sijui.

Kesi ikachukuliwa na avoka mmoja, yaani wakili, mwanamke wa mjini Beni. Huyo amesomea sheria, tena amesomea antropolojia, yaani desturi za watu. Anawaandikia ripoti watu wetu walioomba hifadhi nje, na anakusanya habari za majina, ndoa na maziko kabla hazijapotea. Alikuja mpaka kwetu, upande wa Rughenda hapa Butembo, tulikopanga tangu vita ilipotutoa Kipese.

Alikuta mama anaambua maharage.

Akaeleza kwamba habari za majina anaweza kuziandika mwenyewe. Mais (lakini) kuhusu mtoto huyu aliyefariki, anahitaji neno la aliyemzaa. Maongezi yao nayaandika kama yalivyokuwa: kwetu batoto ni watoto, na Maître ni wakili.

"Maître, uko na batoto?" mama akamuuliza.

"Niko nabo, mama."

"Bote bazima?"

"Bote."

"Basi unaniomba kitu haujue."

Avoka hakubishana. "Ni kweli, mama. Sitaandika kitu hautaki. Mais ukikataa, sina kingine ya kubapa kule Ulaya."

Mimi nikaingilia: "Mama, Kakule batamurudisha!"

"We nyamaza. Ile siku ulikuwa unalilia viazi, haukujua kitu."

Akaendelea na maharage. Nilidhani imeisha. Kisha akasema: "Niitie Kakule ku simu. Serikali ya batu sitaiambia kitu. Nitaambia mutoto wangu. Weye Maître, kama uko na masikio, sikiliza."

Wakuu, pale ndipo nilipoisahau kesi.

Mama alianza na ukungu wa Kipese, ule ambao asubuhi huoni hata kabichi zako mwenyewe. Akataja moshi wa jikoni, harufu ya mikaratusi baada ya mvua. Baba alimfunika Kasereka kwa koti lake, akashuka naye kwenda hospitali. Aliporudi naye, koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote, hadi juu ya uso.

Walimzika nyuma ya jiko.

Nikapakumbuka! Tulikuwa tunacheza mpira pale, na baba anatufukuza kwa ukali. Sisi tulifikiri anapatunzia mboga. Mboga yenyewe haikupandwa hata mara moja.

"Kakule, hauko wa tatu," mama akasema. "Uko wa ine. Bakikuuliza tena, sema bane. Hapana ogopa."

Kakule akauliza: "Mama, alifanana na nani?"

"Na weye. Mais yeye hakukuwa na kichwa kubwa vile."

Tulicheka wote, avoka pia, huku anajipangusa macho.

Baadaye avoka alirudi, akamsomea mama ripoti yake kwa Kinande. Mama alitaka ugonjwa wa mtoto uondolewe. Ukaondolewa pale pale.

Kakule hajapewa hifadhi, nisiwadanganye. Wamekubali kumsikiliza upya, basi.

Mimi najiuliza bado kama tulifanya vizuri, kumwamsha mtoto aliyelala ili amsaidie mwenzake. Mama hajaniambia. Ila Jumapili tukitoka misa, jirani mgeni alimuuliza ana wavulana wangapi.

"Bane," mama akajibu. "Moja iko Ulaya, moja Beni, huyu hapa ananisumbua. Moja alibakia Kipese, njo yeye analinda nyumba."

Mara hii hakwenda popote. Tulirudi naye polepole hadi nyumbani.

Nilichojifunza ni kidogo: ukiulizwa juu ya familia yako mbele ya watu wasiokujua, wataje wote, hata wale ambao nyumbani hamuwataji. Kukaa kimya kwa heshima, kule mbali kunaweza kuonekana uongo.

Wenye makabila ambayo majina yanahesabu, kwenu mnafanyaje na aliyetangulia? Na kama yupo humu aliyewahi kuwahoji wakimbizi, aseme, hata kama atasema sisi ndio tulikosea. Nikishafunga meza yangu sokoni nitakaa nisome mmoja mmoja.