Jina la Mla-Asali

Nemila maana yake ni "asiyependwa". Wazazi wake walimpenda kupita kiasi, ndiyo sababu wakampa jina hilo, ili pepo wanaochukua watoto wachanga wapite mbele wakidhani nyumba ile haina kitu cha thamani. Kwa watu wa kando ya mto Pripyat, jina halikuwa pambo. Lilikuwa kamba: ukilivuta, mwenyewe anakuja.

Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumtaja dubu. Wewe msomaji sema "dubu" utakavyo, maana mnyama yule hajui Kiswahili. Lakini lugha yao aliijua vizuri sana. Wao wenyewe waliiita "neno" tu, na kila asiyeisema wakamwita bubu. Mnyama wakamwita Mla-asali. Mababu walikuwa na jina lake halisi, ila waliogopa kulitamka, watoto hawakulisikia, na mwishowe kijiji kizima kikawa kinaogopa jina lisilojulikana na yeyote. Leo wataalamu wanaoijenga upya lugha ile kutoka vinywani mwa vitukuu vyake wanapata neno la nyuki, la asali, hata la shemeji. Penye jina la yule mnyama wanamkuta Mla-asali tu.

Mume wa Nemila alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilichongwa ndani ya misonobari hai, juu sana, na kila mti ulikuwa na alama yake ya unyayo wa kunguru. Mwisho wa baridi barafu ya mto ilipasuka chini ya miguu yake, akafa maji. Nemila akabaki na binti mchanga mgongoni, nyumba iliyochimbwa nusu ardhini, na misonobari ile.

Majivu ya marehemu hayajatiwa hata chunguni, mdogo wake, Domazhir, akaja.

"Pole sana, shemeji. Ile misonobari nitaitazama mimi."

"Itazame tu, shemeji. Kutazama ni bure."

"Nasema nitapanda, nitarina."

"Wewe? Na tumbo hilo? Mti umekukosea nini?"

Domazhir hakucheka. Alikuwa na sheria upande wake. Mti wa nyuki ni wa anayeupanda, na mwanamke hapandi, kwa sababu akipanda nyuki watahama. Sheria hiyo ilitungwa na wenye ndevu, ikafafanuliwa na wenye ndevu, na kwa bahati ya ajabu kila mara iliwanufaisha wenye ndevu. Tangu mumewe ateguke bega, Nemila ndiye aliyekuwa akipanda kimyakimya, na hakuna nyuki hata mmoja aliyefungasha virago. Lakini hilo angelisema, wangemnyang'anya miti na kumpiga juu ya hayo.

Baraza likakaa ukingoni mwa mto. Mzee wa ukoo, Vishata, aliketi juu ya gogo akitafuna mkate mweusi.

"Nemila, mwanangu, una la kusema?"

"Dogo tu, mzee. Miti mpeni shemeji. Ila mama mkwe wangu, mnamjua alivyokuwa mtu wa mambo, aliniachia kitu kabla hajafa. Aliniachia jina."

"Jina la nani?"

"La yule." Akaelekeza kidevu msituni. "Lile la kweli. Siku shemeji atakapopanda, mimi nitakaa chini ya mti nimwite mwenyewe aje tule asali pamoja."

Watu wakaacha kujikuna.

"Muongo!" Domazhir akafoka. "Mama yangu asiniambie mimi, aje akwambie wewe?"

"Angekwambiaje? Wewe hata ndoto zako kijiji kizima kinazijua."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Mzee, alitaje basi! Athibitishe!"

"Haya," akasema Nemila, akavuta pumzi ndefu.

"Usitajeee!"

Mzee Vishata aliruka kutoka kwenye gogo kama kijana, akamziba Nemila mdomo kwa kiganja chenye mkate. Nemila, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akautafuna ule mkate taratibu, macho yake kwa shemeji yake. Hukumu ikatolewa pale pale: miti ibaki kwake, na mdomo wake ubaki umefungwa.

Ukweli ni kwamba mama mkwe alimwachia chungu chenye ufa na matusi mengi. Jina hakumwachia.

Mwisho wa kiangazi Nemila alikuwa anashuka mtini, ndoo ya asali kiunoni, akamkuta Domazhir amesimama chini na shoka.

"Nimefikiri, shemeji."

"Pole. Umeumia wapi?"

"Hujui lolote wewe. Hapa tuko wawili tu, hakuna wa kukuziba mdomo. Litaje. Ukishindwa, kesho nakata alama zako zote."

Nemila aliamua kutupa sauti yoyote itakayomjia. Akafungua mdomo, ikatoka nusu ya sauti, ndipo akili ikamgonga: kama halijui jina, atajuaje kwamba hilo linalomtoka silo lenyewe?

Kichakani tawi likavunjika, kwaa!

Domazhir alikimbilia mtoni, akaacha shoka na kiatu kimoja cha gome. Nemila alikimbilia upande wa pili, na alikuwa na mbio kuliko yeye. Nyuma yao, nguruwe jike wa Mzee Vishata akatoka kichakani, akailamba asali iliyomwagika yote.

Jioni kijiji kiliuliza habari za kiatu. Domazhir afanye nini? Akaapa kwamba jina amelisikia kwa masikio yake, na mwenye jina amemwona, mkubwa kama nyumba. Tangu siku hiyo Nemila hakuhitaji shahidi mwingine.

Akapanda miti yake mchana kweupe, akauza nta, akanenepa. Uzeeni alipolala hajiwezi, Domazhir, sasa hana jino hata moja, akaja na kibuyu cha pombe ya asali.

"Shemeji, usiondoke nalo. Ninong'oneze."

"Sogea."

Akainama. Nemila akavuta pumzi, na Domazhir, kabla hajajijua, akayaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili. Midomo ya mgonjwa ikachezacheza.

"Nimemaliza," akasema Nemila alipoona mikono imeshuka. "Umesikia?"

"Rudia!"

"Ah, shemeji. Linatajwa mara moja tu."

Nemila alipokwisha kuchomwa na kuzikwa, Domazhir aliwachukua wanawe na mashoka, wakaenda msituni. Chini ya mti wa kwanza walimkuta Sudila, yule mtoto wa mgongoni, sasa mwanamke mzima, kamba ya mama yake kiunoni.

"Karibuni, baba mdogo," akasema kwa adabu zote. "Mmekuja wakati mzuri. Juzi mama aliniachia kitu."

Domazhir hakungoja kuuliza kitu gani. Aliwageuza wanawe kwa mabega, mmoja mmoja, akawaswaga nyumbani. Sudila akaikaza kamba, akapanda.