Golikipa Aliyefia Lubarika

Golikipa wetu alifariki Jumapili mchana, na kabla jua halijaingia nyuma ya milima, Uvira nzima ilikuwa na habari mbili: kwamba amekufa, na kwamba amefia Lubarika. Ya kwanza iliwaliza watu. Ya pili iliwakausha machozi, maana huwezi kulia vizuri huku umetega sikio.

Nilicheza naye miaka kumi na miwili, yeye golini, mimi beki wa kushoto; alipoacha kucheza akawa kocha wa makipa. Mikono yake ilikuwa mirefu kama makasia. Siku tuliyocheza na timu moja ya Bujumbura, mvua ikitupiga, alidaka penalti mbili, na wiki ile nzima hakula kwake. Kila nyumba ilimvuta mezani. Watoto wengi waliozaliwa mwaka ule walipewa jina lake. Mmoja ni wangu.

Sasa Lubarika. Kila baada ya wiki mbili alimwambia mke wake kwamba anapanda milimani Lemera, hospitalini, kuchuliwa goti. Shahidi wa goti nilikuwa mimi, eti namsindikiza. Mke alinipigia simu: "Shemeji, mulifika?" Nami, nimejilaza kwangu Uvira naangalia dari, nilijibu, "Tulifika. Huku baridi kali." Yule mama alikuwa akimvalisha sweta kila safari. Bwana aliivua njiani, akashukia Lubarika kwenye joto la tambarare, akaingia kwa mjane mmoja mkulima wa mpunga. Kesho yake alirudi na kifuko cha mchele, akichechemea. Alichechemea kwa ustadi, ila kuna siku alikosea mguu.

Jumapili ile prezida wa timu aliniita.

"Weye ndiye unajua njia. Enda umulete. Na kwa watu useme alikufia Lemera."

Nikaenda na dereva mmoja na gari lake la kubebea mizigo. Barabarani simu haikutulia. Mmoja alisema golikipa amelishwa sumu. Mwingine alisema amefumaniwa akaruka dirishani, na hiyo ndiyo watu waliipenda zaidi, kwa sababu iliendana na kazi yake. Hata dereva aliniuliza kama dirisha lilikuwa juu.

Mjane tulimkuta ameketi kando ya kitanda. Alikuwa amekwisha kumwosha marehemu na kumvika jezi ya njano ya timu, ile aliyotuambia imeibiwa. Mtunza vifaa wetu tulimsimamisha kazi miezi miwili kwa sababu ya jezi hiyo. Nilitaka kucheka, nikamnyoosha jezi begani.

"Alikufa namna gani?" nikauliza.

"Alikuwa anabambua karanga," akasema. "Akaniambia, 'Nasikia baridi.' Nikamucheka, nani anasikiaka baridi huku? Nikaingia ndani kutafuta kitenge nimufunike. Kutoka, alikuwa amekwisha."

Hakukuwa na dirisha. Ilikuwa karanga tu, nusu ya sinia imebambuliwa.

Tulipompakia garini akasema, "Minye nitakuya ku kilio."

"Mama, hapana. Bibi yake wa ndoa iko pale."

"Minye ndiye nilimufunga macho. Utanikataza na nini?"

Nikapanda garini.

Siku ya mazishi uwanja wa nyumba ulijaa. Niliombwa kuongea kwa niaba ya wachezaji. Nilisimama chini ya turubai, nikasema golikipa wetu alikuwa mtu wa goli moja na nyumba moja, na kwamba alifia Lemera akitafuta dawa ya goti, ili timu isibaki bila kocha wa makipa. Maneno yalinitoka laini kama mafuta ya mawese. Mchungaji akaitikia amina. Nyuma, mtu akakohoa kikohozi ambacho si cha kifua.

Hapo ndipo mjane alipoingia, kitenge cheusi kichwani, vumbi la tambarare miguuni. Hakuna aliyewaambia watu ni nani, na hakuna aliyeuliza. Mke wa marehemu akanyanyuka mkekani, akamfuata. Wanawake wawili wakanyanyuka nyuma yake, tayari kumshika.

"Weye ndiye wa Lubarika?"

"Ndiye minye, mama."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alisema tu anasikia baridi."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, mke alilia kwa sauti. Kisha akamshika yule mgeni mkono. "Ikala hapa," akasema, akimwonyesha pembeni ya mkeka. Si katikati, ila pembeni.

Halafu akanigeukia.

"Shemeji, nikuulize kitu. Ule mchele alikuwa analeta. Ku milima ya Lemera banalimaka mpunga tangu lini?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Mchungaji aliinamia Biblia yake, mabega yakimruka. Nami nilibaki nimesimama na karatasi yangu ya hotuba, mtu mzima, baba wa watoto, na sikupata hata uongo mdogo wa kujifunika. Miaka yote mama yule alijua. Aliendelea kunipigia simu tu, labda kusikia nitasema baridi ya leo ikoje.

Tulimzika na jezi yake. Baada ya hapo mke wa marehemu hakunisalimia. Tukikutana sokoni aliangalia samaki mpaka nipite. Nilimkumbuka rafiki yangu, na nilimchukia pia, kwa kuniachia aibu ambayo ilikuwa yetu wawili.

Miezi ikapita, timu ikaandaa mchezo wa kumkumbuka. Hakuna aliyetaka kusimama golini kwake, basi nikasimama mimi, na kitambi changu. Shuti la kwanza lilikuja polepole, likitambaa, mtoto wa darasa la kwanza angelidaka. Likapita katikati ya miguu yangu.

Kutoka chini ya mwavuli, kwa watazamaji, sauti ya mke wa marehemu ikavuka uwanja:

"Shemeji! Hata mupira umekudanganya!"

Alikuwa anacheka, amejishika mbavu. Nikaenda kuuokota wavuni.